Baba Alalaye Mchana: Kazi na Malezi Katika Mwambao wa Kigoma

Anapozikwa mtu mzima katika mwambao wa Kigoma, iwe Ujiji, Kibirizi au vijiji vya kusini vinavyopakana na mdomo wa mto Malagarasi, kuna mambo mawili ambayo hayakosi kusemwa. La kwanza ni tangazo la madeni: anayemdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa naye, aonane na familia. La pili ni wasifu: alizaliwa wapi, aliishia darasa la ngapi, alifanya kazi gani, ameacha mjane na watoto wangapi. Mwishoni huongezwa kwamba marehemu alikuwa mchapakazi, aliyeihudumia familia yake mpaka nguvu zilipomwishia.

Kwa wazee wengi wa mwambao huu maneno hayo ni kweli tupu. Walifanya kazi, na walifanya katika mazingira ambayo vijana wa leo wakisimuliwa hudhani habari imetiwa chumvi. Lakini liko deni moja lisilotangazwa makaburini, kwa kuwa wanaolidai ni watoto wenyewe, na wengi wao hawajui kwamba wanalidai. Ni deni la malezi. Tumezoea kusema kwamba baba aliyefanya kazi kwa bidii amelilipa. Mimi naamini kazi ya baba, hata iwe ngumu namna gani, haigeuki malezi yenyewe kwa yenyewe. Inakuwa malezi pale anapomfungulia mtoto aione, ajue riziki inatoka wapi na inakwenda wapi, na amwone baba yake anavyojizuia hata pale ambapo angeweza kuchukua.

Baba ninayemkumbuka hapa si mtu mmoja. Ni kizazi cha wanaume waliozaliwa kati ya miaka ya 1930 na 1950, ambao sasa tunawazika mmoja baada ya mwingine. Walizaliwa katika eneo ambalo utawala wa kikoloni ulilifanya ghala la vibarua. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na chini ya Waingereza reli hiyo ndiyo iliyowabeba vijana wa Buha, nchi ya Waha, kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha nyumbani ilikuwa haba. Kijana aliondoka akimwacha mke mjamzito, akarudi mtoto anatembea na kumkimbia kama mgeni. Wako waliorudi na baiskeli, mablanketi na mahari ya wadogo zao. Wako ambao hawakurudi, na mama zao waliendelea kuulizia habari zao kwa kila aliyeshuka kwenye treni.

Tangu wakati huo fikra moja iliota mizizi katika nyumba zetu: baba ni yule anayekwenda mbali na kuleta kitu. Wanawake walibaki na watoto, mashamba ya muhogo, wagonjwa na wazee. Hata methali tuliyoirithi ilikubaliana na hali hiyo. Tunasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na tunaitamka kwa urahisi kana kwamba baba hakuwepo tangu mwanzo. Mtoto akiharibika tunamuuliza mama. Akifanikiwa tunataja ukoo wa baba. Hili si haki, na wanaume wa kizazi kile waliokuwa waungwana walijua hivyo.

Historia haikuwapa nafasi ya kupumua. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilihamisha familia kwenye vijiji vipya, na wengi wakajikuta nyumba iko huku na shamba la zamani liko mbali. Mwaka huohuo walianza kupokea wakimbizi waliovuka kutoka Burundi, na miaka ya 1990 ikaleta wengine kutoka Burundi na Kongo. Novemba 1974 Azimio la Musoma likatangaza kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe anapata elimu ya msingi. Mwanamume ambaye hakuwahi kushika kalamu akatakiwa awapeleke watoto wake wote shule, wa kiume na wa kike, awape sare na madaftari, na akubali kuikosa mikono yao shambani wakati wa palizi. Wengi walikubali. Huo ni mmoja wa maamuzi makubwa ya malezi yaliyowahi kufanywa na watu maskini katika nchi hii, na hatuusemi vya kutosha.

Ili kumwelewa baba wa mwambao ni lazima kwanza kuielewa kazi yake. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake kinafika mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal peke yake, huko Urusi, inayolizidi kwa kina. Dagaa wake hushuka chini mchana na kupanda karibu na uso wa maji usiku. Vizazi vya nyuma viliwasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi ili kuwavuta. Baadaye zikaja karabai, na siku hizi taa za umeme wa betri na sola. Njia ni ileile: katika usiku wa giza, taa huwakusanya dagaa, na wavu huwapandisha. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, kwa sababu maji yote yana mwanga na dagaa hutawanyika.

Kwa hiyo kalenda ya nyumba ya mvuvi hupangwa na mwezi. Katika siku za giza baba huondoka jua likielekea kuzama na kurudi alfajiri, akiwa amelowa, macho mekundu, mikono imekatwa na kamba. Dagaa wakishauzwa mwaloni, pale boti zinapofikia, anakuja nyumbani kulala. Watoto wanaporudi shule wanakuta mlango umesindikwa. Mama ananong'ona, “Nyamazeni, baba yenu amelala.” Anapoamka, chakula kiko tayari, ugali wa muhogo kwa migebuka au maharage yaliyoungwa kwa mawese, na baada ya muda mfupi yuko njiani tena kuelekea ziwani. Mtoto anaweza kukua hivyo miaka na miaka, akimjua baba kwa harufu ya samaki kwenye koti lake na kwa amri ya kunyamaza.

Ndiyo maana siku za mbalamwezi zilikuwa na uzito mkubwa katika nyumba hizo. Wavuvi walipumzika, nyavu zikaanikwa na kuzibwa matundu chini ya miembe, na baba akawa mtu wa mchana kama wengine. Hapo ndipo tofauti kati ya mzee na mzee ilipojulikana. Yuko aliyezitumia siku hizo kwenye pombe na karata mpaka giza lilipomwita tena. Yuko aliyekwenda kwenye nyumba ya pili, kwa mke ambaye wa kwanza alisikia habari zake kutoka kwa watu. Na yuko aliyekaa na watoto wake. Huyu wa tatu hakuwa na elimu ya malezi wala semina yoyote. Alimpa mtoto sindano ya nyavu, akamwonyesha fundo, akamwacha akosee, akalifungua, akamwonyesha tena. Katikati ya kazi hiyo alisimulia: upepo wa kusi unavyoanza, nani aliwahi kuzama na kwa sababu ya kiburi gani, kwa nini hagombani na mvuvi mwenzake wakiwa majini, kwa nini fulani hakopeshwi tena dukani.

Watoto walioketi chini ya mwembe ule walipata malezi. Sisemi hivyo kwa sababu walijifunza kuziba nyavu, kwani wengi wao hawakuwa wavuvi. Walijifunza jinsi mtu mzima anavyofikiri. Waliona kwamba nyuma ya baba mkali aliyelala mchana kulikuwa na mtu mwenye hofu, mahesabu na kanuni zake. Mtoto aliyeingizwa ndani ya fikra za mzazi wake huwa na mahali pa kuanzia siku atakapolazimika kuamua peke yake.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wazee waliokuwa makini walilishika: hawakuwachukua watoto ziwani usiku. Mtoto alisaidia kuanika dagaa, kubeba maji, kufukuza ndege kwenye mchanga au kwenye chanja, lakini jua lilipozama alirudishwa nyumbani. Leo Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inasema jambo hilo kwa maandishi. Umri wa chini wa kufanya kazi ni miaka 14, tena kazi nyepesi tu, na mtoto haruhusiwi kuajiriwa usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kwa uvuvi wa dagaa maana yake ni moja: mtoto hana nafasi kwenye boti ya usiku. Hata hivyo ukifika kwenye mialo yetu asubuhi ya siku ya shule, utawaona wavulana wa umri wa darasa la sita na la saba wakiwa na ndoo, wakingoja boti. Wengine wameshaonja fedha ya samaki na wameacha darasa. Mzazi anayesema “anajifunza kazi” anajidanganya. Mtoto huyo anajifunza kwamba fedha ya leo ni bora kuliko kesho yake yote, na aliyemruhusu kujifunza hivyo ni mtu mzima.

Kazi ya mikono si ubaya kwa mtoto. Ubaya ni kazi isiyopimwa. Wengi wa wazee wale walikuwa na mguu mmoja ziwani na mwingine shambani, kwenye michikichi. Kuvuna mikungu, kuchemsha, kutwanga, kukamua mawese, ni kazi inayohitaji mikono mingi, na watoto walipewa sehemu yao kulingana na umri: mdogo aliokota chikichi zilizodondoka, mkubwa kidogo alichochea moto, na kupanda mti kulikuwa kwa watu wazima. Mchikichi wa asili huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miongo. Aliyeupanda alijua kwamba sehemu kubwa ya mafuta yake italiwa na wengine. Serikali ilipoanzisha kampeni ya kufufua zao hilo mwaka 2018, chini ya usimamizi wa Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikapewa jukumu la mbegu bora, ilikuta Kigoma tayari ina michikichi mingi iliyopandwa na watu ambao wengi wao wamekwisha kufa.

Lakini hata hapo kuna somo. Ziko familia zilizorithi michikichi na kuiuza kipande kwa kipande, mpaka ndugu wakafikishana barazani. Zingine zimeitunza na kuongeza. Mara nyingi tofauti haikuwa kwenye ukubwa wa shamba bali kwenye yale ambayo baba aliyaeleza akiwa hai: mipaka iko wapi, nani alisaidia kupanda, binti ana sehemu gani, na ni mambo gani yanayoweza kumfanya mtu auze ardhi na yapi hayawezi. Mzee aliyekaa kimya kwa kudhani kwamba kukitaja kifo ni kukialika aliwaachia watoto wake ugomvi pamoja na urithi.

Hapa nafika kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini. Boti inaporudi mwaloni na dagaa kuuzwa, hesabu hufanywa. Kwanza hutolewa gharama za mafuta, taa na chakula. Kinachobaki mara nyingi hugawanywa nusu kwa nusu: nusu ya mwenye boti na nyavu, nusu ya wavuvi, ambao nao hugawana. Hesabu hiyo hufanywa wazi. Tajiri anayeificha hukimbiwa na wavuvi wake, na mvuvi anayeficha samaki haaminiwi tena. Mwanamume huyohuyo, aliyesimama asubuhi kudai mgao wa haki mbele ya wenzake, akifika nyumbani huifunga hesabu mfukoni. Mke hajui amepata kiasi gani. Watoto hawajui kwa nini wiki hii kuna daftari na wiki ijayo hakuna. Nyumba inastahili mgao ulio wazi kama ule wa mwaloni.

Ninajua pingamizi. Baba atasema watoto hawawezi kutunza siri, mke atadai zaidi, na heshima ya mwanamume itapungua ikijulikana kwamba amerudi mikono mitupu. Hofu hizo zina chanzo chake. Lakini angalia kinachotokea penye siri. Mtoto asiyejua kipato cha nyumba huona kukataliwa kuwa ni kunyimwa. Ukimwambia hakuna, anadhani humpendi. Akikua huwa mtu anayekopa bila kujua atalipaje, kwa sababu hakuwahi kuona fedha ikihesabiwa, aliiona tu ikitoweka. Mtoto aliyewahi kuitwa mezani au mkekani, akaambiwa hii ni ya muhogo, hii ni deni la dukani, hii ni ya sare ya dada yako na yako itasubiri giza lijalo, hujifunza kiasi na subira kutoka kwenye chanzo. Anajua pia kwamba zamu yake itafika, kwa kuwa ameiona hesabu.

Mgao huo unahusu pia kazi, na hapa wanaume wa mwambao tuna deni kwa wanawake. Baba akilala mchana, mama yuko kwenye mchanga akigeuza dagaa, kwa sababu wakikosa jua la siku moja wanaharibika, na msimu wa mvua huweza kuondoa faida yote. Akitoka hapo yuko shambani, kisha jikoni, kisha kwa mtoto mwenye homa. Mtoto wa kiume anayekulia katika nyumba ambayo jasho la mama halitajwi atakuwa mume wa namna hiyohiyo. Mzee aliyekuwa akisema mbele ya watoto, “Boti ilileta dagaa, lakini fedha hii imetengenezwa na mama yenu,” alimfunza kijana wake namna ya kuishi na mke zaidi ya hotuba zote za siku ya harusi.

Mwambao wetu una ushahidi mwingine kuhusu malezi, nao unatoka mahali ambapo wengi hawaufikirii. Julai 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, kuwachunguza sokwe mtu. Eneo hilo likawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Mei 1975 watafiti vijana wanne walitekwa na watu wenye silaha waliovuka ziwa kutoka Zaire, na watafiti wa kigeni wakaondolewa. Waliobaki kuandika kumbukumbu kila siku ni wanaume wa vijiji vya jirani. Majina yao, kama Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono na Yahaya Alamasi, yamo katika kumbukumbu za utafiti huo. Wanaume waliozaliwa kwenye mwambao wa wavuvi walipanda na kushuka milima wakifuata mama mmoja na mtoto wake kutwa nzima, wakiandika nani amenyonyesha, nani amebebwa, nani amelia.

Moja ya habari zinazojulikana sana kutoka Gombe ni ya mama sokwe aliyeitwa Flo na mwanawe Flint. Flo alikufa mwaka 1972. Flint alikuwa na miaka minane hivi, anaweza kujitafutia chakula mwenyewe, lakini alijikunja, akaacha kula, na katika muda wa wiki chache naye akafa. Chakula kilikuwepo msituni. Kilichokosekana hakikuwa chakula. Na katika jamii ya sokwe mtu mzigo wa kulea ni wa mama. Dume hamlishi mtoto wala hakai naye kumlea. Mwanadamu ameamua vinginevyo. Ubaba wetu umesimamishwa na dini, mila na sheria, na kwa hiyo unaweza kuanguka watu wakiacha kuusimamia. Mwanamume anayezaa na kuondoka, akituma fedha anapokumbuka, ameukataa uamuzi huo wa wanadamu.

Sheria ya mwaka 2009 imeliona hilo. Inamtaka mzazi ampatie mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, na pia nafasi ya kucheza na kupumzika. Inamtaka amlinde dhidi ya kutelekezwa na ukatili, ampe uongozi, na asipokuwepo ahakikishe mtoto yuko mikononi mwa mtu anayeweza kumtunza. Kwa mvuvi anayehama na samaki, akikaa kambini miezi mingi upande wa kusini, sharti hili la mwisho lina uzito wake. Kuondoka kutafuta riziki si kosa. Kosa ni kuondoka bila kupanga nani atajibu mtoto akiugua, nani atakwenda kikao cha wazazi shuleni, na mama atapata wapi fedha kabla ya boti kurudi.

Ulinzi dhidi ya ukatili unatugusa pia, na hatuna sababu ya kuupita. Wazee wetu walipiga. Methali ya mchelea mwana kulia ilitumika kama kibali, na fimbo mara nyingi ilishikwa na mtu ambaye hakuwa amelala usiku kucha. Watoto wengi waliochapwa hivyo sasa ni watu wazima, na wakiulizwa hukumbuka maumivu kuliko kosa. Lakini hata katika kizazi kile walikuwepo waliojua hatari ya kuhukumu wakiwa wamechoka. Mama alipowashtakia mtoto, walisema shauri litasikilizwa baada ya kuamka. Walilala, wakaamka, wakaoga, wakamwita mtoto, wakamsikiliza kwanza. Mara nyingi fimbo haikuhitajika tena. Nidhamu iliyotoka hapo ilidumu kwa sababu mtoto alijua amesikilizwa. Vivyo hivyo, katika Ujiji masheikh hurejea mara kwa mara kwenye nasaha za Luqman kwa mwanawe ndani ya Qur'ani, na makanisani kule Kalinzi na kwingineko husomwa kitabu cha Mithali: katika yote mawili baba anazungumza na mwanawe, anaeleza, anatoa sababu.

Leo mwambao umebadilika, na kazi ya baba imekuwa ngumu kwa namna mpya. Wavuvi wameongezeka na samaki wamepungua. Maji ya juu ya ziwa yamepata joto, na hilo hupunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini, ambako ndiko kunakopandisha virutubisho vinavyolisha viumbe ambao dagaa huwala. Kutokana na hali hiyo nchi nne zinazoshiriki ziwa hili, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 upande wa Tanzania uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Kwa miezi mitatu wanaume waliozoea kulala mchana walijikuta macho, nyumbani, bila fedha.

Kwa familia nyingi kilikuwa kipindi cha njaa na madeni, na wanaopanga mapumziko hayo wana wajibu wa kufikiria watoto watakula nini. Lakini kipindi kama hicho hufunua pia msingi wa kila nyumba. Pale ambapo baba alikuwa ni fedha tu, fedha ilipokosekana hakukuwa na baba, na ugomvi ukachukua nafasi. Pale alipokuwa amejijenga kwa watoto wake kwa maneno, kwa kazi ya pamoja na kwa hesabu iliyo wazi, aliendelea kuwa baba akiwa hana kitu mfukoni. Alikwenda nao kwenye michikichi. Aliwaambia ukweli kuhusu deni. Alikagua madaftari yao, hata kama kusoma kwake ni kwa kubahatisha, kwa sababu mtoto anajua kama daftari lake limefunguliwa na mtu anayejali.

Serikali nayo imeanza kulitazama suala hili kwa upana. Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za umma mpaka kidato cha nne. Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Inasisitiza afya, lishe, ujifunzaji wa awali, ulinzi, na mzazi anayeitikia mtoto wake. Ni mipango mizuri. Lakini mara nyingi vikao vya malezi hufanyika asubuhi kwenye zahanati, na wanaohudhuria ni akina mama, kwa sababu baba wa mwambao saa hizo amelala au yuko mwaloni. Anayetaka kumfikia baba huyu amfuate kwa kalenda yake: mwaloni, katika siku za mbalamwezi, kupitia vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi ambavyo vipo na vinakutana, na kupitia misikiti na makanisa. Kumwita mahali na saa asizoweza kuja, kisha kumlaumu kwamba hajali, ni kumkosea yeye na watoto wake.

Kwa hiyo tukitaka kuwaenzi wazee wale wachapakazi, tusiishie kuwasifu kwa jasho. Tuchukue walichofanya walio bora miongoni mwao na tukifanye kuwa sheria ya nyumba zetu. Mvuvi, mkulima wa michikichi, dereva wa bodaboda au kibarua wa bandarini afanye mambo ambayo hayahitaji mtaji. Awaambie watoto wake amepata nini na kimekwenda wapi. Ataje jasho la mama yao kwa jina. Mtoto asikae kwenye boti usiku wala mwaloni saa za masomo. Baba asihukumu kabla hajalala na kusikiliza. Binti apewe maarifa na haki sawa na kaka yake, kuhusu fedha na kuhusu ardhi. Na kila siku za mbalamwezi zinapofika, ziwe za watoto kwanza, kabla ya kijiwe na kabla ya karata. Baba anayefanya hivyo atachoka kama wenzake, na huenda asiwe tajiri kuwazidi. Ila watoto wake watakuwa na kitu cha kurithi ambacho hakigombewi barazani, kwa sababu kila mmoja wao atakuwa amekwisha kupewa chote akiwa bado mdogo.